Ziwani Hakuna Ziwa

Mtaa wa Ziwani, pale karibu na Kariokor, hauna ziwa. Mtu wa Eastlands akitaka kupunga upepo kando ya maji huishia mtoni, na mto wenyewe ni huu Mto Nairobi, unaofika huku ukiwa umeshapitia Kamukunji na Gikomba na kuzoa kila kilichotupwa njiani. Nilipokwenda Korogocho kuitazama bustani iitwayo People's Park nilijua nitabana pua. Nilibana kweli, ila si kwa muda niliodhani.

Bustani ipo ukingoni kabisa, Dandora ikiwa ng'ambo. Mianzi imeshika udongo, watoto wanagombania bembea, wazee wamekalia kivuli. Zamani palikuwa jaa. Mwaka 2017 vijana wa Komb Green Solutions, baadhi yao wakiwa wameupa uhalifu kisogo, walianza kuzichimbua taka hizo. Hawakukuta plastiki tu: wamewahi kuopoa maiti, hata za watoto wachanga. Sijaona bado mpango wa mradi wenye safu ya kazi kama hiyo.

Ng'ambo kule mambo yalianza kwa mpango kamili. Dandora ilibuniwa mwaka 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia: ploti kama 6,000 zenye maji na choo, mwenye kipato kidogo ajijengee vyumba polepole, na katikati ya nyumba iachwe nafasi ya wazi, ile wenyeji wanayoiita korti. Kwenye karatasi ilipendeza. Wengi waliopewa ploti waliziuza au wakapangisha, orofa zikapanda, na korti nyingi zikageuka matope na takataka. Jaa kuu la jirani lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001. Malori yangali yanaingia. Mimi naona wapangaji wa mji walihesabu kila kitu isipokuwa mtu wa kushika ufagio. Alipatikana miongo kadhaa baadaye, vijana wa Dandora Transformation League walipoanza kuzisafisha korti moja moja, wakipaka rangi kuta na kupanda maua.

Nilikuwa na tamaa nyingine: kuona kibao cha historia, cha kunieleza waanzilishi wa hapa ni kina nani. Sikukiona. Lakini Korogocho ina kijiji kiitwacho Grogan, na jina hilo limetoka Grogan Road, siku hizi Kirinyaga Road, karibu na kule walikofukuzwa baadhi ya wakazi wake wa kwanza katika miaka ya 1970. Walihama na anwani yao! Shauri Moyo nayo ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya waliobomolewa Pangani ya zamani, na jina lenyewe bado linaguna. Kariokor ni Carrier Corps iliyolainishwa na ndimi za wenyeji, kumbukumbu ya wapagazi waliokufa kwa maelfu katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Historia yote hiyo makanga wanaitangaza kila asubuhi wakiita abiria, bila kibao na bila kiingilio.

Mafuriko ya 2024 yaliufikisha mto milangoni mwa watu, kisha serikali ikaamuru walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame. Machi 2025 ukazinduliwa mradi wa shilingi bilioni 50 wa kuufufua mto huu. Bustani ya vijana imo ndani ya mita hizo hizo, na si kwa bahati mbaya. Kazi yao iko hapo.

Nilipoondoka kijana mmoja alikuwa ameingia majini na buti za mpira, akinasua vitambaa vya mitumba vilivyojisokota kwenye mizizi ya mianzi. Mawingu yalikuwa yametanda upande wa Gikomba, naye alikuwa akiyatupia jicho.