Nyigu Huamka na Jua

Miezi ya Juni mpaka Agosti ni ya baridi. Sehemu za juu kama Njombe na Makete, asubuhi nyingine hata umande huganda. Basi tazameni kiota cha nyigu kwenye upenu asubuhi hiyo. Wamebanana, kimya. Mtu atasema, "Aa, hawa wamekwisha kufa." Hawajafa! Mwili wa nyigu hutegemea sana joto la jua. Jua likipanda, mabawa yanapata nguvu na wanaruka. Ndiyo maana mtoto achokozaye kiota alfajiri huenda asiumwe, lakini akirudia mchana atalia.

Kule Ulaya na Marekani baridi ni kali zaidi, Desemba mpaka Februari. Huko nyigu vibarua na madume hufa. Hubaki majike waliokwisha pandwa. Wanajificha kwenye nyufa za kuta, chini ya magome na darini. Siku ya jua zuri huzinduka, wakaonekana wakitambaa ukutani. Hawajengi, maana viwavi hakuna na maua hakuna. Wanakula mafuta yaliyomo mwilini mwao, kama sisi tunavyokula akiba ya ghalani. Siku za joto zikizidi, akiba inaweza kwisha kabla maua hayajachanua.

Na kiota chenyewe je? Nyigu hutafuna mti mkavu, akachanganya na mate. Ikikauka ni karatasi. Hata karatasi ya gazeti hutokana na miti, ila nyigu hana kiwanda!

Sasa, wenzetu wengi wakiona kiota hukimbilia mwenge. Jamani! Miezi hii paa la nyasi limekauka. Cheche moja tu, nyumba imekwenda. Tena nyigu huwinda viwavi shambani, huwatafuna na kuwalisha majana wake. Kiota kilicho mbali na watu kiacheni. Kikiwa mlangoni, mtu mzima aliyejifunika mwili na uso akiangushe alfajiri ya baridi kwa mti mrefu, kisha aondoke upesi. Watoto wakae mbali.

Nyigu haachi mwiba mwilini kama nyuki, kwa hiyo mmoja anaweza kuuma mara nyingi. Osheni mahali palipoumwa kwa maji na sabuni, halafu wekeni kitambaa cha maji baridi. Lakini mtu akivimba uso au akipumua kwa shida, msingojee mpaka kesho. Mpelekeni zahanati saa ile ile.