Eropleni Ndogo Iendayo Polepole

Wahenga walisema, "Mwenda pole hajikwai." Methali hiyo ni kweli kwa mtu atembeaye kwa miguu, lakini angani mambo ni kinyume. Eropleni ikipunguza mwendo kupita kiasi huanguka. Ndiyo sababu kuunda eropleni ndogo ya kuongozwa kwa redio, iwezayo kupita polepole kama mtu apandaye baiskeli, ni kazi itakayo fikira nyingi.

Ufundi huu si wa jana. Huko Marekani ndugu wawili, Walter na William Good, walirusha eropleni ya kuongozwa kwa redio katika mwaka 1937, nayo ilitumia injini ya petroli. Tarehe 30 Juni, 1957, Colonel H. J. Taplin wa Uingereza alirusha yake, iliyoitwa Radio Queen, kwa nguvu za umeme. Betri za siku zile zilikuwa nzito kwa kadiri ya nguvu zilizotoa. Siku hizi betri za lithiamu zimeondoa sehemu kubwa ya taabu hiyo, wala hazikuondoa adui mwenyewe, yaani uzito.

UZITO NA MWENDO

Bawa hubeba kwa sababu ya hewa ipitayo juu yake na chini yake. Mwendo ukipungua nusu, nguvu ya bawa hubaki robo tu. Rubani aweza kuinua pua ya eropleni ili bawa lishike hewa zaidi, lakini pua ikizidi kuinuka, hewa huachana na mgongo wa bawa, na eropleni huporomoka.

Tuseme bawa lina urefu wa mita 1 na upana wa sentimita 20, na eropleni nzima ina uzito wa gramu 300. Hiyo yaweza kukaa angani pwani ya Mombasa kwa mwendo wa kilomita 18 hivi kwa saa. Uzito ukifika gramu 1,200, yahitaji kilomita 36. Nako Nairobi, mahali palipo juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,600, hewa ni nyepesi, hata mwendo lazima uzidi kwa karibu sehemu moja ya kumi.

KUUNDA NA KUTIA NGUVU

Kwa hiyo fundi huchagua mti mwepesi uitwao balsa, au mabamba ya povu gumu la plastiki. Mabawa huinuliwa kidogo kwenye ncha, ili eropleni ikiinama upande mmoja ijirudishe yenyewe. Kitovu cha uzito huwekwa karibu na robo ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Kwa bawa letu ni sentimita 5 au 6. Betri husogezwa mbele au nyuma mpaka mizani iwe sawa, maana eropleni yenye mkia mzito haiongozeki.

Rafadha, yaani mapanga yavutayo hewa, na iwe kubwa na izunguke taratibu. Kusukuma hewa nyingi polepole hutumia nguvu kidogo kuliko kusukuma hewa chache kwa kasi. Mota ya wati 30 hivi yatosha, pamoja na betri ya volti 7.4 yenye uwezo wa miliampia-saa 800. Hiyo yaweza kurusha eropleni kwa dakika 10 na zaidi, mradi rubani asitumie nguvu zote wakati wote.

Hapo ndipo tamaa huingia. Mtu hutaka kukaa angani zaidi, akatia betri kubwa. Betri kubwa hutaka mota kubwa, na mota kubwa hutaka bawa pana na mwili imara. Mwisho ana eropleni nzito isiyoweza kwenda polepole tena.

Betri za lithiamu zina hatari ya moto. Zijazwe kwa chaja yake maalum, zisiachwe peke yake zikijazwa, na iliyovimba isitumiwe kamwe.

SIKU YA KURUSHA

Asubuhi isiyo na upepo ndiyo bora, katika uwanja ulio mbali na watu, mifugo, nyaya za umeme na viwanja vya ndege. Mrushaji na aulize kwanza sheria za anga za nchi yake. Eropleni ikianza kulegea angani, mwanafunzi huvuta pua juu kwa hofu, na hilo ndilo huiangusha. Impasayo ni kushusha pua kidogo na kuongeza nguvu, ili mwendo urudi.

Kazi ya jioni nyingi yaweza kuvunjika kwa kufumba na kufumbua. Basi fundi mwenye busara huweka mizani ndogo mezani, na kila kipande hukipima kabla hajakitia gundi.