Jumuiya yako iko upande gani wa mpaka?

Saa 12 asubuhi ya Jumamosi, katika parokia nyingi za Tanzania, ni wakati wa jumuiya. Majirani kumi au ishirini huketi uani kwenye viti vya plastiki na mikeka. Mezani pana msalaba, mshumaa na Biblia. Injili ya Jumapili husomwa, watu wakashirikishana walichokisikia, wakasali na kutoa sadaka. Kisha hufuata matangazo: nani mgonjwa, nani kafiwa, nani kajifungua, nani hajaonekana wiki ya tatu sasa.

Katika miji ya mpakani kama Sirari, Namanga na Holili, huyo asiyeonekana mara nyingi ni mfanyabiashara. Wenzake wanapowasha mshumaa, yeye yuko kwenye basi la alfajiri, au anasubiri wakala wa forodha, au anapanga bidhaa zake mnadani upande wa pili. Jumamosi ni siku ya soko, na soko halimsubiri mtu amalize kusali.

Hakuna anayemlaumu kwa kutafuta riziki. Lakini mwaka ukipita, na wa pili, anaanza kuwa mgeni mtaani kwake bila mwenyewe kujua. Ugeni huo huonekana siku ya shida.

Swali la ofisini

Mzazi akifika ofisi ya parokia kuandikisha mtoto ubatizo, moja ya maswali ya kwanza ni kwamba anatoka jumuiya gani. Ni hivyohivyo kwa kipaimara, ndoa, kubariki nyumba na mpako wa wagonjwa. Mwenyekiti wa jumuiya ndiye anayethibitisha kwamba mtu huyu anafahamika. Padri mwenye waumini maelfu hawezi kumjua kila mmoja, hivyo huwategemea wanaoishi naye.

Zito kuliko yote ni msiba. Jumuiya ndiyo inayotangulia kufika: kufunga turubai, kuchota maji, kupika, kukesha na mfiwa, kumpa taarifa katekista. Kwa mtu aliyefia ugenini, kazi huongezeka maradufu. Kuna vibali vya kuvusha mwili, gari la kukodi, na ndugu wasiojua hata marehemu alikuwa amepanga nyumba gani. Penye jumuiya, yupo mtu wa kupiga simu na mtu wa kukaa na mwili. Pasipo na jumuiya, mwenye nyumba hubaki na funguo mkononi akiuliza marehemu alikuwa mtu wa wapi.

Wafanyabiashara wengi husema wana kikundi chao, na ni kweli. Tanzania kuna vikoba na upatu, Kenya kuna chama, Rwanda kuna ikimina, Kongo kuna likelemba. Vikundi hivi huokoa mitaji na vingine huchangia hata misiba. Hata hivyo, kikundi cha fedha humhesabu mtu kwa hisa zake, na asiyerejesha huondolewa. Jumuiya, inapokuwa kama ilivyokusudiwa, humtafuta hasa yule aliyeishiwa.

Neno moja, historia mbili

Msomaji wa ukanda huu akisikia neno jumuiya, huenda akafikiria kwanza Arusha, yalipo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ndogo ndogo za Kikristo nazo zina historia ya kuvuka mipaka, na kwa namna fulani zilivumilia kuliko ile ya serikali.

Mwaka 1961 maaskofu Wakatoliki wa Kongo waliamua kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya hai za waumini, si juu ya vituo vya misheni peke yake. Mwaka 1966, katika jimbo la Musoma, kaskazini mwa Mara, Wamisionari walianza kuchunguza jinsi Wajaluo wa eneo la Nyarombo wanavyoishi, wanavyosaidiana na wanavyoamua mambo yao, ili Kanisa lifuate mikondo hiyohiyo. Nyarombo haiko mbali na mpaka wa Kenya, na watu wake wana ndugu pande zote mbili.

Shirikisho la mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, AMECEA, lilichukua wazo hilo katika mkutano wake wa Nairobi mwaka 1973. Mwaka 1976 likalifanya kuwa kipaumbele cha uchungaji kwa nchi wanachama, zikiwemo Kenya, Uganda, Tanzania, Malawi na Zambia.

Mwaka uliofuata, 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Wafanyabiashara wazee wa Namanga na Sirari wanaikumbuka miaka hiyo ya magendo na njia za panya. AMECEA haikuvunjika. Mwaka 1979, mpaka ukiwa bado umefungwa, maaskofu wa nchi hizo walikutana Zomba, Malawi, kupima jinsi jumuiya ndogo ndogo zinavyoendelea.

Leo jambo hilo lina majina tofauti, na anayesafiri hana budi kuyajua. Tanzania na Kenya husema jumuiya. Uganda, hasa kwa wasema Kiganda, ni kabondo. Rwanda ni umuryangoremezo. Mashariki na kusini mwa Kongo, kwa Kiswahili cha huko, huitwa shirika. Walutheri wa Tanzania nao wana jumuiya na ibada za nyumba kwa nyumba. Mgeni anayejua jina hilo haanzi na padri wala ofisi. Humuuliza mama wa dukani wanakutana wapi, na siku gani.

Wachuuzi waliofungua nyumba

Yapo mawazo kwamba biashara na maisha ya kanisa haviendi pamoja, kwamba mtu wa safari lazima awe Mkristo wa Jumapili moja moja. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinaonyesha vingine.

Huko Filipi, mji wa Makedonia, mtu wa kwanza kufungua nyumba yake kwa ajili ya waumini alikuwa Lidia, mwanamke mfanyabiashara wa vitambaa vya zambarau. Hakuwa mwenyeji. Alitoka Thiatira, ng'ambo ya bahari. Akila na mkewe Prisila walikuwa mafundi wa mahema. Walifukuzwa Roma pamoja na Wayahudi wengine, wakaanza upya Korintho, ambako Paulo alifanya nao kazi ileile ya mikono, baadaye wakahamia Efeso. Kila walikopanga nyumba, waumini walikutana humo.

Kisha yupo Fibi wa Kenkrea, bandari ya Korintho. Paulo anapoandika kwa Wakristo wa Roma, mwishoni anamtambulisha kwao na kuwaomba wampokee na kumsaidia kwa lolote atakalohitaji, kwa kuwa naye amewasaidia wengi. Hiyo ni barua ya utambulisho, ileile ambayo parokia zetu huitoa hadi leo kwa anayehama, na ambayo wasafiri wengi hawaiombi kwa sababu hawadhani kwamba wamehama.

Ukanda wetu una mfano wake. Mwaka 1929 daktari Mwingereza aliyefanya kazi Gahini, Rwanda, Joe Church, alikutana na Simeoni Nsibambi katika kilima cha Namirembe, Kampala. Mikutano yao ya kusoma Biblia na kusali ni moja ya chemchemi za uamsho wa Afrika Mashariki, ulioenea kutoka Gahini na Kabale hadi Burundi, Kenya na Bukoba katika miaka ya 1930. Watu wake, Balokole, walikutana kila wiki kuungama makosa yao mbele ya wenzao. Walirudisha walichoiba na kulipa madeni ya zamani, hata yale ambayo mwenyewe alikwisha kuyasahau. Aliyesafiri alifikia nyumba ya mwenzake wa ushirika, awe kabila lake au sivyo.

Kwa mfanyabiashara, sehemu ya madeni ndiyo ngumu. Kuimba pamoja hakugharimu kitu. Kukaa mduara mmoja na mtu uliyempunja kwenye mizani kunagharimu. Akijua kwamba Jumamosi atakutana naye mbele ya msalaba, mtu ama atarekebisha hesabu, ama ataacha kuja.

Daftari la michango

Ipo sababu nyingine ya watu kuacha kuja, na haifai kufichwa: fedha. Katika jumuiya nyingi daftari la michango limekuwa nene kuliko Biblia. Kuna zaka, ujenzi, zawadi ya paroko, sherehe ya msimamizi wa jumuiya, harusi na misiba. Mtu wa biashara huonekana tajiri hata mwezi ambao mzigo wake umekwama forodhani, na huwekewa kiwango cha juu. Wengine wameigeuza jumuiya kuwa bima: hawaendi kusali, hutuma tu fedha kwa simu ili siku ya kufa jina likutwe kwenye daftari. Viongozi nao, kwa kuchoka kudai, huanza kutishia kwamba asiyechangia hatazikwa.

Tishio hilo halina msingi katika sheria ya Kanisa Katoliki. Sheria ya mwaka 1983 inataja wanaoweza kunyimwa mazishi ya kikanisa, na mwenye deni la michango hayumo. Inataka pia maskini wasikose mazishi yanayostahili. Mwenyekiti anaweza kusema ukweli kwamba marehemu hakufahamika. Hawezi kumfungia mlango kwa sababu ya shilingi.

Kosa liko pande zote mbili. Kiongozi anayehesabu risiti tu amegeuza jumuiya kuwa kikundi cha fedha, na kibaya zaidi ni kwamba hakina gawio. Muumini anayetuma fedha tu naye ameikubali hesabu hiyo. Waumini wa kwanza wa Yerusalemu, kama Matendo ya Mitume inavyowasimulia, waliuza mali ili kila mmoja apewe kwa kadiri ya mahitaji yake. Ili kujua mahitaji ya mtu, ni lazima kwanza umjue, na humjui mtu kwa ujumbe wa muamala.

Jaribio la damu

Kujuana peke yake hakutoshi. Anayevuka Rusumo kuingia Rwanda hupita si mbali na Nyarubuye, ambako mwaka 1994 watu waliokimbilia parokiani waliuawa kwa wingi. Baadhi ya wauaji na waliouawa walikuwa wamebatizwa, majirani waliojuana kwa majina. Novemba 2016 maaskofu Wakatoliki wa Rwanda waliomba radhi kwa Wakristo walioshiriki mauaji hayo. Kenya nayo, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, iliona waumini wa imani moja wakichomeana nyumba.

Funzo hilo linawahusu watu wa mpakani moja kwa moja. Jumuiya ya watu wa ukoo mmoja na lugha moja ni rahisi kuiendesha, lakini haijajaribiwa bado. Mgeni anapoketi humo, muuza dagaa kutoka Mwanza au mshona nguo kutoka Bukavu, ndipo wenyeji wanapojua kama kilichowaunganisha ni Injili au ni ukoo. Kwa maana hiyo mfanyabiashara msafiri haji kupokea tu. Bila yeye jumuiya haiwezi kujipima.

Njia ipo

Kwa anayeishi nusu ya mwezi upande huu na nusu upande ule, jambo la kwanza ni kuomba barua ya utambulisho katika parokia anayotoka, kabla hajaugua na kabla hajapata mchumba. La pili ni kujitambulisha kwa jumuiya ya mtaa aliopanga, hata kama hatafika kila wiki, na kumwachia mwenyekiti namba ya simu ya ndugu. La tatu, lililo gumu, ni kufungua mlango. Jumuiya huzunguka nyumba hadi nyumba, na chumba kimoja cha kupanga chenye magunia pembeni kinatosha. Lidia hakungoja ahamie mji wa kwao ndipo akaribishe watu.

Jumuiya nazo zina la kufanya. Pale ambapo nusu ya wanajumuiya huwa mnadani Jumamosi, hakuna sheria inayokataza kukutana Jumatano jioni. Na pale jina la mtu linapotajwa kwamba hajaonekana wiki ya tatu, tangazo hilo lisiishie kwenye daftari la faini. Lipigiwe simu. Huenda mzigo umekwama. Huenda amelala na homa katika chumba cha kupanga Isebania, kilomita chache tu ng'ambo ya pili, na hakuna anayejua jina lake.