Kutu ya Shaba Si Uchafu

Mkazi wa Kisumu Ndogo, Malindi, akiokota kipande cha shaba kilichogeuka kijani, aghalabu hufanya mojawapo ya mambo mawili: hukisugua kwa ndimu na mchanga hadi king'ae, au hukipeleka kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu kipimwe kwa kilo. Hatumlaumu, kwani maisha ni magumu. Lakini shaba ya pwani hii si ya kupimwa kwa kilo.

Itakumbukwa kwamba mwaka 2010, huko Mambrui, wanaakiolojia wa Makavazi ya Taifa ya Kenya na wenzao wa Chuo Kikuu cha Peking walifukua sarafu ya Kichina ya enzi ya Mfalme Yongle, aliyetawala hadi 1424. Na baharini Ngomeni imo merikebu ya Kireno iliyosheheni pembe za ndovu na mikuo ya shaba. Mwaka 2024 Caesar Bita na Filipe Castro walidokeza kwamba huenda ni São Jorge, iliyozama 1524 katika safari ya mwisho ya Vasco da Gama. Huenda!

Neno hilo ndilo linalohitaji vipimo. Kipo kifaa cha mkononi, mfano wa bastola, kirushacho miale ya eksirei juu ya madini. Kila elementi hujibu kwa miale yake yenyewe, na baada ya dakika chache mchanganyiko hujulikana pasipo kukata wala kutoboa. Chembechembe za nikeli au antimoni zilizomo katika shaba huweza kudokeza machimbo ilikotoka.

Ila tusidanganyike. Miale hiyo huishia karibu na uso, na uso wa shaba iliyolala baharini karne kadhaa ni kutu. Sarafu za fedha ni laghai zaidi: shaba iliyochanganywa humomonyoka usoni, fedha ikabaki, hata sarafu hafifu ikasomeka kuwa safi. Nyutroni hupenya hadi ndani, lakini mtambo wake haubebeki kwa gari hadi Malindi. Kwa hiyo mtaalamu mwaminifu hupima mahali pengi, na pengine huomba kuchukua chembe ndogo upande usioonekana. Sisi twaona apewe, mradi aandike alichofanya.

Msuguaji wa ndimu haandiki. Kutu aliyoiondoa pengine ilihifadhi alama za nguo au mbao zilizoigusa, na hakuna mashine iwezayo kuirudisha. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 yamtaka avumbuaye kitu cha kale atoe taarifa, lakini ni wangapi mtaani walioelezwa? Maofisa na waje Kisumu Ndogo, kifaa mkononi, wazungumze na wanunuzi wa vyuma wenyewe. Mnunuzi huwa kazini na mizani yake tangu asubuhi. Afisa tumngojee hadi lini?