Shauri la Marbury na chimbuko la mahakama kubatilisha sheria

Mapitio ya kimahakama ni mamlaka ya mahakama kuipima sheria ya Bunge kwa Katiba na kuitamka batili inapokwenda kinyume nayo. Mamlaka hayo, ambayo leo yamo katika katiba nyingi duniani, yaliwekewa msingi nchini Marekani mwaka 1803, katika shauri lililozuka kwa sababu hati ya uteuzi haikumfikia mwenyewe.

Wazo lenyewe lina umri mkubwa zaidi. Mwaka 1610 jijini London, Jaji Edward Coke aliamua shauri la Thomas Bonham, aliyefungwa na Chuo cha Madaktari kwa kutibu watu bila leseni. Sheria ilikiruhusu chuo hicho kutoza faini na kubaki na nusu yake, hivyo chuo kikawa mlalamikaji, hakimu na mfaidika kwa pamoja. Coke alisema sheria ya Bunge inayopingana na haki inaweza kuhesabiwa batili. Uingereza haikuifuata kauli hiyo, kwani baada ya Mapinduzi ya 1688 Bunge ndilo lililokuwa na neno la mwisho. Ng'ambo ya Atlantiki, hata hivyo, wanasheria waliishika, na mwaka 1788 Alexander Hamilton alitetea hoja ya aina hiyo alipokuwa akiipigia debe Katiba mpya ya Marekani. Katiba yenyewe haikutaja mamlaka hayo waziwazi.

Jaribio lilikuja baada ya Rais John Adams kushindwa na Thomas Jefferson katika uchaguzi wa 1800. Siku chache kabla ya kuondoka, Adams aliteua mahakimu wa amani 42 wa Wilaya ya Columbia. John Marshall, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje na Jaji Mkuu kwa wakati mmoja, alizigonga hati zao muhuri, lakini kadhaa zilibaki ofisini usiku wa Machi 3, 1801. Kesho yake Jefferson aliapishwa, na serikali yake ikazizuia. William Marbury na wenzake watatu wakaenda moja kwa moja Mahakama ya Juu, wakiomba Waziri mpya, James Madison, aamriwe kuzitoa.

Mahakama ilibanwa pande zote. Ikitoa amri, Jefferson angeweza kuipuuza. Ikikataa, ingeonekana imemwogopa.

Uamuzi ulitolewa Februari 24, 1803. Marshall alijibu maswali matatu. Je, Marbury ana haki ya hati? Anayo, kwa kuwa uteuzi ulikamilika hati ilipotiwa saini na kugongwa muhuri. Je, sheria inampa nafuu? Inampa. Je, mahakama hii inaweza kutoa amri hiyo? Haiwezi. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Mahakama ya 1789 kiliiruhusu, lakini Ibara ya Tatu ya Katiba inataja mashauri machache tu yanayoanzia hapo, na la Marbury halimo. Sheria mbili zikigongana, alisema, kazi ya jaji ni kusema ipi inatawala. Na Katiba ndiyo iliyo juu.

Marbury hakupata hati yake, na Jefferson hakubakiwa na amri ya kukaidi. Mahakama iliyakataa mamlaka madogo iliyopewa na Kongresi, yaani Bunge la Marekani, ikajitwalia makubwa zaidi. Haikuyatumia tena dhidi ya sheria ya Kongresi hadi 1857, katika shauri la Dred Scott, ilipoamua kuwa watu Weusi hawawezi kuwa raia na Kongresi haiwezi kuzuia utumwa katika maeneo mapya. Mamlaka ya kubatilisha sheria hayamfanyi jaji asikosee.

Katiba nyingi zilizofuata hazikuliachia jambo hili tafsiri ya majaji. Ibara ya 64(5) ya Katiba ya Tanzania na ya 2(4) ya Kenya zinatamka kuwa sheria inayopingana na Katiba ni batili. Ndiyo maana mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Tanzania iliweza kutamka kuwa vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vilivyoruhusu wasichana kuolewa kabla ya miaka 18, vinakiuka Katiba. Mahakama ya Rufani iliuthibitisha uamuzi huo mwaka 2019.