Konokono katika Tangi la Samaki

Mtu afugaye samaki nyumbani katika tangi la kioo huudhika upesi kwa utando wa kijani unaoshika kioo. Wengi humwaga maji yote na kusugua, lakini baada ya siku chache utando umerudi. Napenda kuwaeleza wenzangu sababu yake, na jinsi konokono awezavyo kusaidia.

Utando ule ni mwani, yaani mimea midogo sana isiyo na mizizi wala maua. Huota kwa mwanga, na mbolea yake ni choo cha samaki. Mchana hutoa oksijeni ambayo samaki huivuta. Usiku nao huivuta, na ukizidi mno, samaki hutweta alfajiri. Basi mwani si adui. Ubaya ni wingi wake.

Mwaka 1850 Robert Warington, mtaalamu wa kemia wa London, aliandika habari za samaki wawili aliowaweka pamoja na mimea ya majini. Majani yalioza, maji yakachafuka, na utando ukashika kioo. Ndipo alipotia konokono wa majini. Wakala majani yaliyooza na utando ule, maji yakatakata. Na mayai yao yakawa chakula cha samaki.

Lakini choo cha konokono nacho ni mbolea ya mwani, na akifa asipoondolewa, huoza. Kwa hiyo wawe wachache, samaki walishwe kwa kiasi, na tangi lisiwekwe juani.

Tena kuna jambo kubwa zaidi kwetu tukaao karibu na Ziwa Victoria. Mwaka 1915 Robert Leiper alithibitisha huko Misri kwamba kichocho huenezwa na konokono wa majini. Vijidudu hutoka katika konokono, huogelea, kisha hupenya ngozi ya mtu. Aletaye konokono wa ziwani nyumbani aweza kuleta na maradhi, maana yeye na wadogo zake hutia mikono katika tangi lile mara kwa mara.

Kwa hiyo tusiokote konokono ziwani wala bwawani. Afadhali kumwomba rafiki mayai ya konokono waliozaliwa ndani ya tangi. Vijidudu vya kichocho havipitii katika mayai ya konokono. Humwingia konokono katika maji yaliyochafuliwa kwa choo au mkojo wa watu wenye ugonjwa. Kabla ya kumtia konokono katika tangi, uliza kwanza alikozaliwa.