Baiskeli ya Umeme, Masika na Kiangazi

Baiskeli ya umeme ni baiskeli ya kawaida iliyoongezewa vitu vitatu: mota, betri na kontrola, yaani kile kisanduku kinachoamua mota isaidie kwa nguvu kiasi gani. Mwendeshaji hupiga pedali kama siku zote. Sensa iliyo kwenye ekseli ya pedali huhisi miguu inafanya kazi, kontrola hufungulia umeme, na mota husukuma pamoja na miguu. Miguu ikitulia, mota nayo hutulia. Ziko pia zenye mkono wa kuzungusha mfano wa pikipiki, ambazo huenda hata miguu ikiwa imepumzika. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka mpaka ulio wazi: mota isizidi wati 250, na iache kusaidia mwendo unapofika kilomita 25 kwa saa. Chombo kinachozidi hapo hakihesabiwi tena kuwa baiskeli.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1895 Ogden Bolton wa Marekani alipewa hataza ya baiskeli yenye mota ndani ya gurudumu la nyuma, na mota nyingi zinazouzwa leo bado hukaa palepale alipoichora. Kilichokosekana ni betri nyepesi, maana zile za risasi zilimwelemea mtu anayepiga pedali. Ilipita karibu miaka mia. Sony ilianza kuuza betri za lithiamu mwaka 1991. Miaka miwili baadaye Yamaha ikaingiza katika soko la Japani baiskeli ya PAS, iliyopima nguvu ya mguu na kuiongezea. Teknolojia hizo mbili zilipokuja kuungana, biashara ikafunguka.

Kwa mwenye baiskeli, mali hasa ni betri. Bei yake mara nyingi hufika theluthi ya bei ya chombo kizima, na ndani yake mna vijiseli vya duara, kila kimoja kikizidi kidogo betri ndogo ya redio, vilivyounganishwa kwa safu. Betri ya volti 36 ina safu kumi. Ikiandikwa volti 36 na ampea-saa 14, akiba yake hupatikana kwa kuzidisha: wati-saa 504, kama nusu uniti ya mita ya LUKU. Mwendeshaji wa uzito wa wastani kwenye barabara tambarare hutumia wati-saa 8 hadi 15 kwa kilomita, kwa hiyo betri hiyo humfikisha kilomita 35 hadi 60. Tangazo linaloahidi kilomita 120 limempima mtu mwepesi, asiye na mzigo, kwenye msaada wa chini kabisa.

Kuijaza kabisa betri hiyo hutumia kama uniti 0.6, kwa kuwa chaja nayo hupoteza kidogo kwa joto. Kwa bei ya kawaida ya TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, gharama hiyo haifiki hata nauli ya daladala ya safari moja fupi. Gharama kubwa imejificha kwingine. Seli za lithiamu za wastani huhimili mijazo kamili 500 au zaidi kabla uwezo wake haujashuka hadi asilimia 80. Kwa kilomita 45 kwa kila mjazo, hiyo ni zaidi ya kilomita 20,000. Ni wachache wanaofika huko. Betri nyingi hufa mapema, na zaidi hufia bandani kuliko barabarani.

Joto ndilo adui wa kwanza, na adui wa pili ni kukaa muda mrefu ikiwa imejaa pomoni au imekauka. Seli iliyojaa husimama kwenye volti 4.2, na katika hali hiyo kemikali zake hushambuliana polepole hata bila kutumika. Banda la mabati la Dar es Salaam, saa nane mchana mwezi wa Februari, huharakisha jambo hilo maradufu. Betri iliyokauka nayo ina hatari yake: kibao cha ulinzi kilichomo ndani huendelea kunyonya umeme kidogo kidogo, seli hushuka chini ya kiwango salama, na siku mwenyewe anapochomeka chaja, kibao hukataa kupokea. Betri za aina hii hufika kwa mafundi kila mara, na mwenye betri huapa kwamba aliiacha nzima. Kweli aliiacha nzima.

Dawa yake ni rahisi. Kwa safari za kila siku inatosha kujaza hadi asilimia 80 au 90. Mara moja moja ijazwe kabisa ili kibao kisawazishe seli. Baiskeli inayosimama kwa wiki kadhaa ivuliwe betri ikiwa na kama nusu, iwekwe ndani ya nyumba mahali penye ubaridi, na ichunguzwe kila mwezi. Ikitoka juani ipoe kwanza ndipo ichajiwe. Mahali pa kuchajia ni juu ya sakafu ya saruji, mbali na godoro na pazia, na kamwe si kwenye njia ya kutokea, kwa sababu lithiamu ikishika moto haizimwi kwa ndoo ya maji. Mwaka 2023 mjini New York watu 18 walikufa kwa moto wa betri za aina hii, na jiji likaweka sheria ya kuzuia kuuza baiskeli zisizo na uthibitisho wa usalama. Chanzo hakikuwa cha ajabu: betri zilizopigwa au kuungwaungwa upya, na chaja zisizo zake. Betri ya volti 36 hutaka chaja ya volti 42, na ya volti 48 hutaka 54.6. Plagi zikilingana, hiyo haina maana kwamba volti zinalingana.

Hapo ndipo mtumba unapohitaji macho. Baiskeli za Japani zilizotumika ni imara na fremu zake hudumu, lakini umeme wa nyumbani Japani ni wa volti 100, na chaja nyingi za huko zimetengenezwa kwa umeme huo peke yake. Ikichomekwa kwenye volti 230 za Tanzania au 240 za Kenya, huungua papo hapo. Betri zake pia zimefungwa kwa namna ya kila kampuni, zisiingiliane na za wengine. Baiskeli kama hiyo yenye betri iliyochoka ni baiskeli nzito ya kawaida, na ilipiwe kwa bei hiyo. Ununuzi wa busara huanza kwa kuuliza betri mpya ya aina ileile itapatikana wapi na kwa bei gani. Jibu likiwa la kusuasua, hiyo bei nafuu si nafuu.

Mota zenyewe hukaa mahali pawili. Mota ya kitovuni imo ndani ya gurudumu, inazungusha gurudumu lenyewe, na mnyororo hauhusiki. Mota ya kati hukaa penye pedali na kupitisha nguvu yake kwenye mnyororo na gia, hivyo hupanda vizuri mlima wa Lushoto au vilima vya Kigali. Kwa Unguja, Mombasa au Tanga, ambako ardhi ni tambarare, ya kitovuni ndiyo inayofaa: bei yake ni ndogo na haili mnyororo. Kasoro yake huonekana siku ya pancha. Gurudumu la nyuma lina waya nene na nati kubwa, na pembeni mwa ekseli kuna washa yenye ulimi unaoingia kwenye mwanya wa fremu. Fundi asiyeijua akiirudisha vibaya, ekseli huzunguka mota inapovuta na kukata waya wake. Ndiyo maana mafundi wengi wa kandokando ya barabara huchomoa tyubu upande mmoja na kubandika kiraka bila kulifungua gurudumu, na kwa baiskeli hii desturi hiyo ni sahihi kabisa.

Masika huleta maji, na watu huogopa maji kuliko wanavyopaswa. Mvua si tatizo: mota, betri na kontrola vimezibwa dhidi ya maji yanayoruka. Tatizo ni kuzama. Gurudumu la inchi 26 lina ekseli yake kama sentimita 33 kutoka ardhini, chini ya goti la mtu mzima, na hapo waya unapoingilia ndipo maji hupenya. Bonde la Jangwani jijini Dar es Salaam likifurika, mwenye mota ya kitovuni ashuke, azime umeme na kuibeba baiskeli, au asubiri. Vivyo hivyo kwenye kuosha: ndoo na kitambaa hutosha, lakini mpira wa maji wa nguvu wa kuoshea magari husukuma maji kupita mihuri na kuondoa grisi ndani ya beringi.

Pwani ina jambo lingine, chumvi. Upepo wa bahari huiweka kila mahali, na haisubiri mvua. Ukitazama kwa karibu pini za shaba mahali betri inapokalia baada ya miezi michache ya kupita kandokando ya Bahari ya Hindi, utaona unga wa kijani. Unga huo huzuia umeme, pini hupata joto, plastiki iliyozizunguka hulainika, na baiskeli huanza kuzimika kwenye matuta bila sababu inayoonekana. Pini zisafishwe kwa mswaki mkavu betri ikiwa imetolewa, kisha zipakwe grisi nyembamba ya umeme. Kazi hiyo haichukui muda, na huokoa pesa nyingi kuliko matengenezo mengine yote ya upande wa umeme.

Upande wa chuma ndio wenye kazi ya mara kwa mara. Baiskeli hizi zina kilo 20 hadi 28 na huenda kwa kasi ya juu mfululizo, hivyo kila kinachosugua huisha mapema. Pedi za breki za diski zitazamwe kila mwezi. Zikibaki na unene wa milimita moja zibadilishwe. Spoki za gurudumu lenye mota zikazwe baada ya wiki za mwanzo, maana zikilegea hukatika moja baada ya nyingine. Mnyororo hupimwa kwa rula ya kawaida: inchi 12 za rula zianzie katikati ya pini moja, na katika mnyororo mpya alama ya 12 huangukia katikati ya pini nyingine. Pini hiyo ikiwa imesogea kwa moja ya kumi na sita ya inchi, mnyororo umevutika na unabadilishwa. Ikifika moja ya nane, umeshakula meno ya gia, na vyote vitanunuliwa pamoja. Wakati wa vumbi, oili iwe kidogo na ifutwe. Mnyororo uliolowa oili hukusanya mchanga na kujisaga wenyewe.

Umbali nao hubadilika kwa majira. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi, na upepo wa mbele huhesabiwa ndani ya kasi hiyo. Wakati wa kusi, anayetoka Mjini Unguja kwenda Paje, kama kilomita 50, anaenda kuukabili upepo karibu njia nzima. Betri ambayo ingetosha wakati wa kaskazi inaweza kuishia njiani. Kupunguza mwendo hadi kilomita 18 kwa saa humwongezea umbali kuliko kubadilisha kitu chochote kwenye baiskeli. Umeme wa nyumbani nao una majira yake ya kukatika, na kurudi kwake kwa kishindo ndiko kunakoua chaja. Kile kifaa cha kulinda friji hufaa hapa pia.

Wanaoendesha Stockholm, Minneapolis au Toronto wanapambana na kinyume chake. Betri iliyo chini ya nyuzi sifuri inaweza kutumika, ingawa umbali hupungua sana, lakini isichajiwe: lithiamu hushindwa kuingia ndani ya grafiti na kujipaka juu yake kama utando wa chuma, na madhara hayo hayarudi nyuma. Basi betri hulala ndani ya nyumba, na hupachikwa wakati wa kutoka. Chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu hufanya kazi ileile inayofanywa na upepo wa bahari. Anayefikiria kurudi nyumbani Afrika Mashariki na baiskeli yake ajue kwamba ndege za abiria hazipokei betri inayozidi wati-saa 160, na betri za baiskeli karibu zote huzidi. Baiskeli yenye betri husafiri kwa meli, ikitangazwa kuwa mzigo hatari.

Mwisho wa betri huonekana kabla haujafika: umbali hupungua, kisha taa za kipimo huanza kuruka kutoka tatu hadi moja mlimani. Iliyovimba au kunuka dawa itolewe nje siku hiyohiyo, isichajiwe tena. Kubadilisha seli ndani ya kasha la zamani kunawezekana kwa fundi mwenye mashine ya kuchomelea vibati na anayepima kila seli. Kwa anayetumia pasi ya kulehemu moja kwa moja juu ya seli, ni kununua moto. Iliyokufa haitupwi jalalani. Nairobi kuna WEEE Centre na Rwanda kuna kiwanda cha Enviroserve huko Bugesera, vyote vikipokea taka za vifaa vya umeme. Kabla ya kuisafirisha, pini zake zifunikwe kwa utepe wa fundi umeme, kwa sababu betri iliyoshindwa kusukuma baiskeli bado ina nguvu ya kutosha kuwasha moto ikigusana na chuma.